Mbung'o Asiyekamatika

Serikali ilipompa Gaudiosus wavu, filimbi na shati la kaki, ilisahau kumpima macho. Wala si ajabu. Serikali ile ilikuwa na desturi ya kumpima mtu mabega tu, ijue atabeba mzigo gani, na yaliyobaki ya mwili wake ikamwachia Mungu. Gaudiosus alikuwa na miaka arobaini na mitano hivi. Alikuwa ameshabeba minyororo ya wapima ardhi, ameshabeba mahema, ameshambeba hata mzungu mmoja mgongoni kumvusha kijito ili soksi zisilowe, na kwa utumishi huo wote akapewa kizuizi cha mbung'o katika njia itokayo Kimuli kwenda Ihembe. Ilikuwa mwaka 1951. Waliosema kwamba huo ulikuwa mwaka wa maendeleo hawakuwa wafugaji.

Kizuizi chenyewe kilikuwa gogo lililolazwa juu ya miti miwili yenye panda, kibanda cha nyasi, daftari na chupa. Upande mmoja wa gogo kulikuwa na kichaka kilichozidi kusogea mwaka hadi mwaka, na humo kichakani mlikuwa na mbung'o wa kweli, wale wanaokunja mabawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, wanaomuuma ng'ombe hata akakonda, manyoya yakasimama, machozi yakamtoka, akafa. Upande wa pili kulikuwa na mbuga za Ihembe, wazi, nyasi tupu. Kila ng'ombe aliyetaka kupita alisimamishwa kwenye gogo, Gaudiosus akamzunguka na wavu wake. Mbung'o akikamatwa, anatiwa chupani. Akionekana akatoroka, anaandikwa daftarini. Na kwa vyovyote vile, kundi zima linarudishwa siku saba.

Linarudishwa wapi? Kichakani. Yaani ng'ombe aliyeshukiwa kubeba mbung'o mmoja alipelekwa kukaa na mbung'o elfu, na wenye akili zao huko bomani wakauita huo usafi. Ukijaribu kupita pembeni, unafungwa, na ng'ombe wako wanakuwa wa serikali. Watu waliulizana kama wazungu wanafuga ng'ombe au wanafuga mbung'o.

Kabla ya kaki Gaudiosus alikuwa mtu wa kusalimia watu. Baada ya kaki alikaa juu ya kigoda chake akingoja shikamoo, hata kutoka kwa wazee waliomjua akitambaa.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, mbingu imekuwa nyeupe kwa moshi wa nyasi zilizochomwa, ndipo alipomwona. Mbung'o mweusi, mdogo, mwenye kiuzi kirefu nyuma yake, akielea juu ya pembe za ng'ombe. Gaudiosus akarusha wavu. Mbung'o akapanda. Akarusha tena, mbung'o akakimbilia kulia. Alimfukuza kulizunguka kundi mara tatu, jasho likimtiririka, filimbi ikimgonga kifuani, na wachungaji wameegemea fimbo zao wakidhani labda hiyo ndiyo ngoma mpya ya serikali. Mwishowe akaenda kuandika kwamba ameonekana mmoja, ametoroka. Wiki ile waliotoroka wakawa tisa. Wiki iliyofuata wakawa ishirini na wawili. Chupani hamkuwa na kitu.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mzungu wa idara ya mbung'o, ambaye watu walimwita Bwana Mbung'o, hakujiuliza. Alifurahi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye magoti mekundu, amekaa nchini miaka minane bila kugundua jambo lolote, na sasa daftari la Gaudiosus likamletea ugunduzi mpaka mezani: huku Karagwe kumezuka mbung'o wa aina mpya, mwepesi kuliko wenzake, asiyekamatika kwa wavu. Akachora ramani, akaupaka upande wote wa Kimuli rangi nyekundu, akaipeleka Dar es Salaam. Msaidizi wake, Pastory, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni na neno “kwa kweli” katika kila sentensi, alikuja kizuizini kutoa pongezi. Akamdokezea Gaudiosus kwamba Bwana anatafuta mkuu wa vizuizi vyote vitano vya upande huu, na kwamba mkuu huyo, kwa kweli, atapewa baiskeli.

Tangu siku hiyo Gaudiosus akitembea, miguu yake ilikuwa kama inakanyaga pedali.

Mwishoni mwa Julai akaja Kobugabe. Alikuwa mjane wa Kimuli, mwanamke mrefu aliyechunga tangu hajang'oa meno ya utoto, na alikuwa na ng'ombe watano. Mumewe alikufa wakati wa mvua, kichaka kimeshafika nyuma ya boma, na Rwegoshora, kaka yake Kobugabe aliyekuwa akikaa Ihembe, ametuma neno kwamba awalete huko kwenye nyasi safi upesi, kabla mbung'o hawajawamaliza. Ng'ombe watano hao ndio waliokuwa maziwa yake, samli yake, na kitu pekee kilichobaki cha kumfanya shemeji yake yeyote amwite kwa jina. Wakifa, Kobugabe angekuwa mwanamke anayelima vibanja vya watu kwa ndizi za kula siku hiyo.

Gaudiosus aliwazunguka. Jua lilikuwa kali na vumbi jeupe, na mbung'o akatokea mara moja, akateleza mgongoni mwa ng'ombe mwekundu. Akapiga wavu hewani, akakosa, akatangaza siku saba.

Kobugabe hakusogea.

“Alikuwa kwa ng'ombe yupi?”

“Yule mwekundu. Mgongoni.”

“Gaaju huyo. Mbung'o akimtua Gaaju, ngozi inatetemeka kabla hata hajauma. Nimesimama karibu naye kuliko wewe, na ngozi haikutetemeka.”

“Wewe unaangalia ngozi. Mimi naangalia mbung'o. Rudi.”

“Mwanangu,” akasema Kobugabe, “huyo mbung'o wako ana uzito gani, hata ng'ombe asimsikie?”

Wachungaji wawili waliokuwa nyuma wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza mjane, kwa sababu mtu wa kaki akichekwa hawezi tena kubadili neno. Gaudiosus alipuliza filimbi. Kobugabe akawageuza ng'ombe wake watano, akarudi nao kichakani.

Jumapili iliyofuata mbung'o alimfuata Gaudiosus kanisani. Padri ameinua hostia, watu wameinamisha vichwa, na yeye peke yake ameinua macho, akaona mdudu mweusi akitua juu ya ule weupe mtakatifu. Mkono ukaruka wenyewe. Alipiga hewa kwa kofi lililosikika mpaka mlangoni. Wakristo wa nyuma wakadhani anafukuza neema, wa mbele wakadhani amelewa, na baada ya misa padri alimwita akamwambia kwamba rubisi ya ndizi si dhambi lakini ina saa zake. Gaudiosus hakuwa ameonja rubisi siku tatu.

Nyumbani mambo yalikuwa yameharibika zaidi. Aliwafukuza mbung'o kwenye uji, akawafukuza kwenye maziwa, na siku moja alimpiga mkewe Placidia begani kwa ufagio akisema ametuliwa. Placidia alikuwa mtu wa maneno machache, lakini machache hayo alikuwa akiyanoa. Alichukua sahani nyeupe ya bati, akaisimamisha mbele ya mumewe, akamwuliza kama mbung'o yupo. Yupo. Akamwambia afunike jicho la kulia kwa kiganja.

“Yupo bado?”

“Hayupo.”

“Funika la kushoto.”

“Yupo. Amerudi.”

“Basi mbung'o wako ana nyumba, na nyumba yake ni jicho lako la kulia. Wewe ndiye wa kurudishwa siku saba.”

Gaudiosus alisema huo ni upuuzi wa wanawake. Kisha akatoka, akaenda mpaka mahali ambapo hakuna mtu, akafunika jicho moja, akafunika jingine, akafunika la kwanza tena. Alifanya hivyo mpaka viganja vikatoa jasho.

Siku ya pili yake alimwendea Mutalemwa, dresa wa zahanati. Zahanati ilikuwa na chupa moja kwa magonjwa yote ya macho, na Mutalemwa alimdondoshea matone mawili yaliyochoma kama pilipili. Mbung'o akaogelea kwenye dawa, akatoka ng'ambo mzima. Mutalemwa, ambaye angalau hakuwa mwongo, alimwambia kwamba chupa ikishindwa, yeye naye amefika mwisho wa elimu yake. Alichoweza kumwambia ni kwamba baba yake mzazi alikuwa na vitu kama hivyo, vidoa na nyuzi, akavibeba zaidi ya miaka ishirini, na akafa anaona mpaka uzi wa sindano. Dawa aliyokuwa nayo mzee ilikuwa kuvidharau. Ila, Mutalemwa akaongeza, vikizidi ghafla kama mvua, au ukaona miale, au pazia jeusi likakushukia, hapo usiniletee mimi, nenda misheni ukatafute daktari mwenye kioo.

Kwa hiyo Gaudiosus alijifunza kuwadharau, na tuseme ukweli, alijifunza vizuri, kwa sababu dharau alikuwa nayo ya kutosha. Ilikuwa tu imekosa pa kwenda. Alilala chali kwenye nyasi nyuma ya kibanda akitazama mbingu. Mbung'o wa jicho alikuwa na tabia zake. Ukimkimbiza, anakimbia, na kadiri unavyokazana ndivyo anavyokazana, maana mguu anaokimbilia ni jicho lako mwenyewe. Ukituliza jicho, anapoa, anashuka polepole kama jani kwenye maji, mpaka anakwenda chini ya pembe ya kuona. Hatui. Hanusi mavi ya ng'ombe. Hana haja na damu ya mtu. Mbung'o wa kweli unamtazama naye anabaki pale pale alipo, anaendelea na kazi yake. Wa jichoni hana kazi. Ni mtumishi wa serikali.

Siku ya nne ya kujifunza Gaudiosus aliweza kuwatofautisha kwa pumzi moja. Alisimama mbele ya baiskeli za wachuuzi wa ndizi waliotoka Kimuli, kwa kuwa nazo hukaguliwa, akaona madoa mawili, akatuliza jicho, yakazama, akawaruhusu kupita. Ilikuwa kazi nyepesi. Mtoto angeiweza.

Sasa, mtu aliyekwisha kujua namna hii, angefanya nini siku ya nane, Kobugabe aliporudi? Hapa ndipo hadithi inaponuka, na hakuna sababu ya kuifunika kwa jani la mgomba.

Kobugabe alirudi na ng'ombe wanne. Gaaju alikufa siku ya sita. Wa pili, Kyasha, mwenye doa jeupe usoni, alikuwa na mimba kubwa, na manyoya yake yalikuwa yameanza kusimama. Mjane hakusema mengi. Alisema amefika mapema kuliko jua, amewasugua ng'ombe kwa majani, amewapitisha mahali palipofyekwa, na kwamba huyu mwenye mimba akirudi kichakani hatatoka.

Gaudiosus aliwazunguka. Madoa mawili yakapita juu ya ubavu wa Kyasha. Akatuliza jicho. Yakazama. Ng'ombe walikuwa safi kama meza ya padri.

Lakini shatini mwake mlikuwa na barua ya Pastory iliyofika jana yake. Bwana atakuja wiki ijayo, ilisema barua, pamoja na kamera, kumwona kwa macho yake mbung'o mpya wa Karagwe, na angependa kuona kwamba idadi ya waliotoroka haijashuka. Kuhusu lile jambo la baiskeli, kwa kweli, Bwana ameshaandika jina la mtu.

Siku nne hizo idadi ilikuwa imeshuka hadi sifuri.

Gaudiosus alisimama na wavu wake. Kama ungemwuliza wakati huo alikuwa anafikiri nini, angekudanganya kwamba alikuwa anafikiri sheria. Alikuwa anafikiri kengele. Baiskeli zile zilikuwa na kengele upande wa kulia, unaibonyeza kwa kidole gumba na watu wanapisha.

“Wawili,” akasema. “Siku saba.”

Kobugabe alimtazama muda mrefu, si usoni bali machoni, jicho moja kisha jingine, kama mfugaji anayemkagua fahali mnadani. Halafu akawageuza.

Wiki ile Gaudiosus aliwaona mbung'o kila mahali, na safari hii hawakuzama. Aliwatuliza, wakashuka, wakapanda tena. Placidia alimwuliza kama amemwambia mkubwa wake habari za jicho. Akajibu kwamba mambo ya kazi hayazungumzwi jikoni. Placidia akasema ni kweli, jikoni watu hula. Mambo ya kufisha ng'ombe wa wajane yana mahali pake. Alikuwa amesikia kisimani. Kyasha alikufa siku ya tatu, na ndama tumboni.

Bwana Mbung'o aliwasili siku ya saba asubuhi, kwa lori, na Pastory amekaa nyuma juu ya masanduku. Walileta nyavu mpya tatu, kubwa, zenye mipini ya mianzi, na kamera juu ya miguu mitatu. Bwana alimpa Gaudiosus mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kisha akaufuta kwa leso. Na baiskeli ilikuwa ndani ya lori. Gaudiosus aliuona usukani wake ukitokeza juu ya turubai.

Kobugabe naye akatokea kwenye kona ya njia. Siku saba zilikuwa zinaisha siku inayofuata, lakini alikuwa na ng'ombe watatu tu sasa, Bihogo na mitamba miwili, na hakuwa na sababu ya kuheshimu kalenda ya mtu. Aliwasimamisha kwenye gogo. Hakusalimia.

Bwana akafurahi kupata kundi upesi namna hiyo. Akainama nyuma ya kamera. Akamwashiria Gaudiosus aanze.

Gaudiosus alianza. Alimzunguka Bihogo taratibu. Doa lile la zamani lenye kiuzi likateleza juu ya pembe nyeupe, na hapo hapo akahisi watu wote wanalingojea neno lake, mzungu kwa kamera, Pastory kwa kalamu, na mjane kwa fimbo. Mtamba mmoja alikuwa amekonda kidogo. Akabaki akimwangalia huyo mtamba. Doa likashuka, likaondoka, akabaki mtamba.

“Hakuna,” akasema.

Pastory alicheka kidogo, akamwambia atazame vizuri. Gaudiosus akasema ametazama vizuri. Bwana akauliza kuna nini, na Pastory akafungua daftari akaonyesha: wiki ile ishirini na wawili, nyingine thelathini na mmoja, leo vipi hakuna?

“Hawa walikuwa jichoni mwangu, Bwana,” Gaudiosus akasema. “Wote. Ndiyo maana chupa ni tupu. Hapajawahi kuwa na mbung'o mpya. Nina ugonjwa wa jicho la kulia, na mwanamke huyu nilimrudisha mara mbili bila kosa. Mara ya pili nilikuwa najua.”

Ilisemwa kwa Kiswahili kilicho wazi, na Bwana Mbung'o alijua Kiswahili, angalau kile cha kuamrisha. Aliinuka nyuma ya kamera. Uso wake ulifuata rangi ya magoti. Alitazama daftari, akatazama lori, na hapana shaka aliiona pia ile ramani nyekundu ikiwa imetundikwa ukutani Dar es Salaam, wakubwa wakiinyooshea vijiti. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa njia ile walilisimulia miaka mingi. Alimsogelea Bihogo, akakunja macho yake mazima, ya buluu, yasiyo na doa wala uzi, akanyoosha kidole.

“Mimi ona moja. Pale.”

“Naam, Bwana,” akasema Pastory. “Hata mimi nimemwona. Kwa kweli ni mwepesi sana. Ameruka.”

Hivyo ndivyo Gaudiosus alivyojua kwamba ugonjwa wake haukuwa wa macho peke yake, na kwamba waliokuwa na macho mazuri walikuwa nao mkubwa zaidi, na hawakuhitaji hata tone la dawa. Alimkabidhi Pastory wavu.

“Mkamate.”

Pastory akaupokea, kwa sababu mbele ya mkubwa wake hakuwa na la kufanya. Akaurusha. Akaurusha tena. Bwana akamwelekeza kulia, akaenda kulia. Akamwelekeza juu, akaruka, na kalamu zote mbili zikamtoka mfukoni zikaangukia mavi ya mtamba. Watu walikuwa wamekusanyika sasa, wachuuzi wa ndizi, wachungaji, akina mama wenye vikapu, na hakuna aliyecheka kwa sauti. Walijiumauma midomo. Wazungu wawili wa namna hiyo, mmoja mweupe na mmoja mweusi, walimfukuza mbung'o wa karatasi kumzunguka ng'ombe ambaye hakuona hata haja ya kutikisa mkia.

Walipokuwa upande wa pili wa Bihogo, Gaudiosus alilikamata gogo kwa mikono miwili, akalinyanyua kutoka kwenye panda zake, akalitupa majanini.

Kobugabe akapiga mluzi, na ng'ombe wakaenda. Bwana akapiga kelele wasimamishwe. Hakuna mchungaji aliyesogea. Dereva alitazama gurudumu lake. Ng'ombe wa Ankole wakishaziona nyasi hawangoji amri, na kwa muda wa kumeza mate mara tatu Bihogo na mitamba miwili walikuwa mbugani, pembe zao zikionekana juu ya majani makavu.

Mjane alisimama kidogo alipofika usawa wa Gaudiosus. Huenda yeye Gaudiosus alitarajia neno la shukrani; mjinga hutarajia.

“Umesema walikuwa jichoni mwako,” akasema Kobugabe. “Gaaju na Kyasha hawakufia jichoni mwako.”

Akaenda zake.

Shati la kaki lilivuliwa pale pale. Pastory alilidai kwa jina la serikali, pamoja na filimbi, na Gaudiosus akarudi nyumbani kifua wazi, akipita kwa watu aliowangojea wamsalimie miezi mitatu. Placidia alimtazama akiingia, akasema angalau sasa anaonekana mahali alipo, kisha akampa shuka. Baiskeli ilirudi bomani na lori. Kuhusu Bwana Mbung'o, usimwonee huruma. Ramani ilibaki nyekundu, na mjane na Gaudiosus hakuwashtaki, maana mahakamani angeulizwa habari za chupa tupu. Kizuizi kilipata mlinzi mpya, kijana aliyepimwa macho kwa herufi ukutani, akasoma mpaka mstari wa mwisho, na mlinzi huyo aliona mbung'o wengi tu, kwa kuwa aliambiwa mapema ni wangapi wanahitajika.

Baada ya wiki moja Gaudiosus alikwenda Ihembe kwa miguu, amebeba panga na kamba. Kwa Rwegoshora boma lilikuwa limebanana kwa ng'ombe walioongezeka, na Kobugabe alikuwa anajenga lake upande wa chini. Gaudiosus alipiga magoti akamwamkia. Hakueleza kilichomleta, wala Kobugabe hakuuliza. Alianza kukata miti ya miiba na kuisimamisha kwenye mstari uliokwisha kuchorwa.

Jua lilikuwa kali na anga jeupe. Madoa yalikuwepo, yale mawili ya zamani na jingine dogo lililojiunga nayo karibuni, yakipanda kila alipoinua panga na kushuka alipolishusha. Aliyaacha. Kuna watu wanaomdharau mbwa wa jirani mpaka akaacha kubweka, na ndivyo alivyofanya. Mchana ulipoingia hakuyakumbuka ila mara moja, alipojifuta jasho, na hiyo mara moja hakuyakunjia uso.

Kila mtu ajuaye desturi za huku anajua kwamba mgeni hapewi maneno kwanza. Anapewa kahawa ya kutafuna, punje zilizochemshwa na kukaushwa, katika kikapu kidogo, na kikapu hicho kikija kwako umepokewa, na kisipokuja umeambiwa. Alasiri majirani wawili walikuja kumwona Rwegoshora. Wakakaa kivulini, na Gaudiosus akaitwa kutoka kazini, kwa kuwa kumwacha mtu juani ni ukorofi hata kama ni adui. Alikaa mwisho wa mkeka. Kobugabe mwenyewe alileta kikapu. Akampa kaka yake, naye akachukua punje mbili. Akampa jirani wa kwanza. Akampa wa pili. Kikapu kikafika kwenye magoti ya Gaudiosus, kikapita juu yake, kikarudi kwa mwenye nyumba.

Mazungumzo hayakukatika. Rwegoshora alitafuna akitazama mbugani, walikokuwa Bihogo na mitamba wakila.

Gaudiosus akangoja muda ambao heshima inautaka, kisha akainuka, akarudi kwenye miiba. Alimaliza upande mmoja wa boma kabla jua halijateremka. Alikusanya kamba zake, akamwendea Kobugabe aliyekuwa anakamua, akasimama mbali kidogo ili ng'ombe asishtuke. Aliuliza kesho aanzie upande gani.

Kobugabe hakuacha kukamua. Kwa kidevu tu, akamwonyesha palipobaki wazi.